Tunampenda, na Tunamla

Jioni moja somo la kisomo lilikuwa limekwisha. Tulikuwa tumesoma habari za ufugaji wa mbuzi. Vitabu vilikwisha fungwa na taa ilikuwa karibu kuzimwa, lakini mama mmoja hakuinuka. Akasema, "Mwalimu, nina swali. Mbuzi wangu nampa jina. Akiugua, silali. Mtoto wake akizaliwa usiku wa mvua, namwingiza ndani na kumkausha kwa kanga yangu. Kisha sikukuu ikifika, tunamchinja, na nyama naila kwa furaha. Je, mimi nina huruma, au najidanganya?"

Watu walicheka. Halafu wakanyamaza, kwa maana kila mmoja alikumbuka mbuzi wake, au kuku wake, au ng'ombe aliyeuzwa.

Siku ile sikuwa na jibu. Nilimwambia mama yule anipe muda. Haya ninayoandika hapa ndiyo niliyoyapata baada ya kuuliza watu na kufikiri.

WASIOKULA NYAMA

Ndugu msomaji, wako watu waliojibu swali hili kwa njia iliyo wazi. Walisema: kama namhurumia mnyama, simli.

Watu hao hawako mbali nasi. Wafuasi wa dini ya Kijaini, ambao asili yao ni Bara Hindi, hawali nyama, wala samaki, wala mayai. Wanaishi katika miji yetu ya Afrika Mashariki tangu zamani, na mjini Mombasa wana hekalu lao. Wahindu wengi nao hawali nyama. Katika Wasabato wako wanaokula nyama na wako walioiacha kabisa, ingawa wengi wa hao waliiacha kwa ajili ya afya zaidi kuliko kwa ajili ya mnyama.

Watu hawa wanaishi, wanafanya kazi, na wanazaa watoto wenye afya. Kwa hiyo asije mtu akakuambia kwamba bila nyama mwili utaanguka. Ugali na maharage vikiliwa pamoja hujenga mwili vizuri, maana kinachopungua katika mahindi kimo katika maharage. Kunde, choroko, mbaazi, dengu na karanga nazo ni hivyo hivyo. Tukisema kweli, wengi wetu vijijini tunakula hivyo siku nyingi za wiki, bila kujiita wasiokula nyama.

Lakini anayetaka kuacha nyama ni lazima ajue mambo mawili. La kwanza ni madini ya chuma, ambayo mwili hutumia kutengeneza damu. Chuma kimo katika maharage na katika mboga za majani, lakini mwili hukipata kwa shida kuliko kile cha nyama. Kula chungwa, pera au ndimu pamoja na chakula hicho husaidia. Kunywa chai pamoja na chakula huzuia, kwa hiyo chai ingoje kwanza. La pili ni vitamini B12. Hii kwa kawaida haimo katika mimea. Imo katika nyama, samaki, maziwa na mayai. Anayeacha vyote hivyo hana budi kuipata kwa vidonge au kwa chakula kilichoongezwa vitamini hiyo. Mama mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto mdogo wasifanye jaribio hili bila kumwona mganga wa kituo cha afya, kwani mtoto akikosa B12 huumia ubongo na mishipa ya fahamu.

Tena mahali na mahali hapafanani. Mfugaji wa nchi kavu, ambako mahindi hukauka kabla ya kubeba, shamba lake ni ng'ombe. Binadamu hawezi kula majani makavu ya mbugani. Ng'ombe anaweza, kwa sababu tumbo lake lina vyumba vinne na hucheua. Yeye ndiye anayeyageuza majani yale kuwa maziwa na nyama. Ukimwambia mfugaji huyo aache nyama na maziwa, umwambie pia atakula nini.

Hata hesabu ya uhai si rahisi kama tunavyodhani. Jirani yangu mmoja aliacha nyama ya ng'ombe kwa huruma, akawa anakula dagaa. Nikamwuliza sahani moja ya dagaa ina roho ngapi. Alianza kuhesabu, akaacha. Ng'ombe mmoja hulisha kijiji, na roho iliyotoka ni moja.

Na anayekunywa maziwa tu? Ng'ombe hatoi maziwa mpaka azae. Karibu nusu ya ndama wanaozaliwa ni madume. Madume hayo hayakamuliwi, na si yote yanayohitajika kwa mbegu au kwa plau. Basi yanakwenda wapi? Yanakwenda machinjioni. Kikombe cha maziwa kimefungamana na bucha, hata kama anayekunywa hajawahi kusogea karibu na bucha.

Sisemi haya kwa kuwadharau walioacha nyama. Nawaheshimu. Nasema tu kwamba swali la yule mama haliishi kwa kuacha nyama, na pia haliishi kwa kuila.

SIKU ZA MNYAMA

Tufikiri jambo moja. Mbuzi hajui kwamba mwezi ujao kuna sikukuu. Hakai usiku akihesabu siku zake. Lakini kiu ya leo anaijua. Kidonda cha leo anakijua. Hofu ya leo anaijua sana. Mnyama anayeishi miaka mitatu na kuchinjwa kwa dakika chache ana siku zaidi ya elfu moja ambazo sisi ndio tunaoamua zitakuwa za namna gani. Mimi naona huruma yetu ipimwe hapo kwanza.

Tuanze na kuku, maana kila nyumba inaye. Kuku hufungwa miguu wawili wawili, wakaning'inizwa kichwa chini kwenye usukani wa baiskeli, na safari ya sokoni ikaanza. Kuku hana ule ukuta wa ndani unaotenga kifua na tumbo kama tulio nao sisi. Anapokuwa kichwa chini, matumbo huelemea sehemu anazotumia kupumua. Akikaa hivyo muda mrefu juani, anaweza kufa njiani, na mwenye kuku akasema ni mdondo. Tenga la fito lenye nafasi, likafunikwa kwa majani mabichi, halina gharama kubwa. Anayejua kusuka hulitengeneza mwenyewe.

Mbuzi hufungwa kamba ya mguu ili asiingie katika shamba la watu. Ni sawa, shamba la watu liheshimiwe. Lakini kamba nyembamba ya katani ikilowa na kukauka, hukaza. Baada ya wiki chache imekata ngozi, na inzi wametaga. Kamba pana ya shingoni, iliyofungwa kwa fundo lisilokaza, hufanya kazi ile ile.

Kuhusu punda nitasema zaidi, kwa kuwa yeye haliwi na wengi wetu, lakini ndiye anayeteswa kuliko wote. Punda huficha maumivu. Nguruwe akiumia, kijiji kizima kitasikia. Punda atatembea na kidonda mgongoni mwezi mzima, amenyamaza, nasi tunasema hana neno. Wataalamu wengi hushauri mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wa punda. Hebu tufanye hesabu pamoja. Punda wa kilo 120 abebe kilo 40. Dumu moja la maji la lita 20 lina kilo 20. Kwa hiyo madumu mawili ni kilo 40, na hapo hatujahesabu uzito wa madumu yenyewe. Sasa simama kisimani asubuhi uhesabu punda wenye madumu manne.

Watu husema asante ya punda ni mateke. Mimi najiuliza kama punda angeweza kusema, angesemaje juu ya asante yetu.

Habari za punda zinatufundisha pia kwamba mnyama haguswi na anayemla tu. Anaguswa na anachonunua mtu aliye mbali kabisa. Nchini China ngozi ya punda huchemshwa ikatolewa gundi iitwayo ejiao. Watu huinunua kama dawa ya kuongeza damu na kama kitu cha kutunza ngozi na urembo. Wanunuzi walipoongezeka, punda wa huko hawakutosha, na wafanyabiashara wakaja Afrika. Kenya ilitoa leseni kwa machinjio manne ya punda kuanzia mwaka 2016. Tanzania nayo ilikuwa na machinjio ya punda Dodoma na Shinyanga. Punda jike hubeba mimba karibu mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Hawezi kushindana na kisu kinachochinja kila siku. Bei ikapanda, na wezi wakaanza kutembea usiku. Watu walikuta mizoga porini imechunwa ngozi. Mama aliyeibiwa punda wake alirudi kubeba dumu kichwani, na binti yake akawa anachelewa shuleni. Mwezi Februari mwaka 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana mjini Addis Ababa kukataza punda wasichinjwe kwa ajili ya ngozi zao katika bara letu.

Aliyenunua ile gundi dukani hakumwona punda wala yule mama. Nasi tunaponunua mkanda wa ngozi au kilo ya nyama, hatumwoni mnyama. Lakini tunaweza kuuliza. Mwenye bucha anamjua aliyemletea ng'ombe. Mwulize ng'ombe ametoka wapi, amesafirije, na amechinjwa na nani.

SIKU YA MWISHO

Ng'ombe wengi wanaoliwa Dar es Salaam hupita mnada wa Pugu. Baadhi yao hutoka Kanda ya Ziwa, safari ya kilometa 1,000 na zaidi kwa lori. Husimama wamebanana. Anayeanguka hukanyagwa na wenzake. Watu wengine humwinua kwa kumpinda mkia au kumchoma kwa fimbo yenye ncha.

Asiyejali maumivu ya ng'ombe ajali basi mfuko wake. Katika misuli ya ng'ombe aliyetulia mna akiba ya sukari. Akishachinjwa, sukari hiyo hugeuka kuwa tindikali kidogo, na tindikali hiyo huifanya nyama iwe laini na isioze upesi. Ng'ombe aliyepigwa, aliyekimbizwa au aliyekaa na hofu muda mrefu ameimaliza akiba ile akiwa hai. Nyama yake huwa nyeusi, ngumu, na huharibika upesi. Sehemu zenye michubuko hukatwa zikatupwa. Kwa hiyo fimbo ile imempiga ng'ombe na mwenye bucha pamoja.

Wazee wetu na dini zetu walilijua jambo hili bila kuambiwa habari za sukari. Katika Uislamu mchinjaji hufundishwa kunoa kisu vizuri, asikinoe mbele ya mnyama, wala asimchinje mmoja mbele ya macho ya mwingine. Torati nayo inaagiza kwamba ng'ombe apumzike siku ya Sabato, na kwamba asifungwe kinywa anapopura nafaka. Na sheria ya nchi ipo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa wanyama. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Watu wengi hawajui kama sheria hizi zipo. Bwana mifugo au bibi mifugo wa kata anaweza kuulizwa.

MAKSAI WA MZEE

Nilipokuwa nikitafuta jibu la yule mama, nilikwenda kwa mzee mmoja wa Usukumani ambaye amelima kwa plau maisha yake yote. Nilimkuta ameketi chini ya mwembe. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwalimu. Karibu kigoda." Nikamweleza swali. Alikaa kimya, kisha akaniambia habari za Bahati.

Bahati alikuwa maksai wake wa mkono wa kulia. Mzee alimfundisha nira akiwa na miaka mitatu, naye akalima misimu minane. Alijua kugeuka mwisho wa mtaro bila kuambiwa. "Nyumba hii ya bati unayoiona," mzee alisema, "ni Bahati aliyeijenga."

Msimu wa tisa Bahati alianza kubaki nyuma. Mzee akamfungua kinywa, akaona meno ya kusagia yamekwisha. Ng'ombe wa namna hiyo hawezi kutafuna majani makavu. Kiangazi kilikuwa kinakuja.

Mzee aliniambia kwamba kwanza aliazimia kumwacha azeeke na kufa mwenyewe, kama shukrani. Akamwacha mwezi mmoja. Bahati akakonda, mbavu zikahesabika. Alikuwa anameza majani bila kuyasaga, na mengine yalianguka kutoka kinywani. Pumba zilikuwa chache, na ng'ombe jike aliyenyonyesha alizihitaji. "Nikaona," mzee alisema, "shukrani yangu inamwua polepole. Mimi ndiye niliyekuwa najisikia vizuri, si yeye."

Akaja mfanyabiashara wa mnada. Alitoa bei nzuri, na lori lake lilikuwa linaondoka jioni. Mchinjaji wa pale kijijini alitoa shilingi 80,000 pungufu. Kwa mzee fedha hiyo si mchezo. Mjukuu wake alikuwa anaingia kidato cha kwanza, na sanduku, godoro na sare vilikuwa bado. Mkewe alimwambia wazi, "Baba, ng'ombe atakufa kwa vyovyote. Chukua bei kubwa." Mke yule hakuwa na roho mbaya. Alikuwa anahesabu mahitaji ya nyumba, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Mzee alimwuza Bahati kwa mchinjaji wa kijijini. Zile shilingi 80,000 zilizopungua alizilipia mwenyewe kwa kuuza matete na kuacha kununua tumbaku msimu mzima.

Siku ilipofika, aliamka kabla ya jua. Alimpa Bahati maji. Hakumpeleka peke yake. Alimchukua pamoja na maksai wa kushoto, mwenzake wa nira, kwa sababu ng'ombe akitengwa na mwenzake huhangaika, na wakiwa wawili hutembea kwa utulivu. Walikwenda polepole, bila fimbo. Walipofika karibu na machinjio, mzee alimkabidhi Bahati, akamrudisha yule mwingine nyumbani mapema asije akasikia harufu ya damu. Kisha akarudi tena, akasimama pale mpaka ikaisha. Kisu kilikuwa kikali. Alikuwa amekihakikisha siku moja kabla.

Mkewe alinunua kilo mbili. Wajukuu walikula na kulamba vidole. Mzee alikula ugali na mlenda. Jirani mmoja alipopata habari alimcheka mbele ya watu kilabuni: "Wewe mzee wa ajabu! Fedha umekula, nyama umekataa!"

"Ni kweli," mzee akajibu. "Kila mtu ana anachoweza kumeza."

Nilimwuliza kama hakuona haya, kwa sababu jirani alikuwa na hoja. Akasema aliona haya, na bado anaona. Lakini tangu siku ile amebadili mambo kadhaa. Halimi tena saa za jua kali. Anaanza alfajiri, na saa nne asubuhi plau inasimama. Nira ameilainisha na kuifunga vitambaa mahali inapogusa shingo. Watoto wanaochapa ng'ombe mgongoni huwanyang'anya mjeledi. Na nyama ya ng'ombe wengine? Hula. Ila kama amesikia ng'ombe huyo alianguka katika lori, huiacha.

Sijui kama kila msomaji ataona mzee alifanya sawa. Mwingine atasema angechukua bei kubwa, kwa kuwa mjukuu ni mtu na Bahati ni ng'ombe. Mwingine atasema asingemwuza kabisa. Mimi, nikiulizwa, nasema alilipa shilingi 80,000 ili rafiki yake asipande lori, na sijaona watu wengi wanaolipa hata shilingi mia kwa ajili hiyo.

Niliporudi darasani nilisimulia habari hizi. Kulikuwa na mabishano mpaka taa ikaanza kufifia kwa kuisha mafuta. Vijana walikuwa upande wa jirani wa kilabuni. Yule mama mwenye mbuzi hakubishana. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja daftari lake, akafunga kanga.

"Sikukuu ni wiki ijayo," alisema. "Mbuzi tutamchinja, maana wageni wangu nimekwisha waalika. Lakini ile kamba ya mguuni naenda kuifungua sasa hivi."

Akatoka kabla yetu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Punda wako, au wa jirani yako, ana uzito wa kilo 135. Mzigo wa mgongoni usizidi kilo ngapi? Hayo ni madumu mangapi ya lita 20?

2. Mke wa mzee alisema achukue bei kubwa. Wewe ungemwambiaje mzee? Eleza sababu zako.

3. Kuku hupelekwaje sokoni katika kijiji chenu? Nani anaweza kusuka tenga, na litagharimu kiasi gani?

4. Je, yuko mtu katika kijiji chenu asiyekula nyama? Mwulize sababu yake kwa heshima, kisha uwaelezee wenzako.